Akiba haiozi, lakini yaweza kuganda

Tangu turudi Nairobi mwaka wa 2022, kuna swali ambalo jamaa na marafiki hawachoki kuniuliza: "Theluji ikoje?" Anayeuliza huwa anatarajia hadithi tamu, watoto wakirushiana madonge meupe na picha kama zile za kadi za Krismasi. Mimi huwajibu kwamba theluji yenyewe haina neno. Ni nyeupe, haina kelele, na ukiishika mkononi inageuka maji. Kilichonitia hofu ni nilichokiona pale theluji ilipoangukia mitambo iliyokuwa ikitegemeana vibaya. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, naona heri nilieleze jambo hili mara moja, polepole, kwa sababu linatuhusu hata sisi tusioona theluji ila kwenye kilele cha Mlima Kenya.

Mahali ni Arlington, mji ulio katikati ya Dallas na Fort Worth katika jimbo la Texas, Marekani. Ndiyo, Texas! Najua unawaza joto, ng'ombe na kofia pana. Hujakosea. Kiangazi kule joto hupita digrii 38 bila aibu, na nyumba nyingi zimejengwa kupigana na joto, si na baridi. Tulikuwa tukikaa fleti ya chini, mimi, mke wangu na binti yetu aliyekuwa na umri wa wiki tano. Ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari alikaa ndugu mmoja wa kutoka Kitale, na mkewe na watoto wao watatu. Hatukuwa na undugu wa damu, lakini ukiwa mbali na kwenu, mtu anayeijua githeri bila kuelezwa ni ndugu tosha.

Jinsi tulivyofungiwa

Alhamisi tarehe 11 Februari 2021 ilinyesha mvua nyepesi iliyoganda mara tu ilipogusa lami. Asubuhi hiyo, kwenye barabara kuu ya Fort Worth, magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 wakafa. Kuanzia hapo mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba gari letu halitoki, liwe liwalo. Huwezi kumpakia mtoto wa wiki tano kwenye gari ukaenda kuteleza naye barabarani.

Jumapili tarehe 14 theluji ikaanguka. Kufikia usiku ilikuwa na kina cha kama sentimita 10. Mtu wa Boston atacheka akisikia hivyo. Lakini Boston wana magari ya kufagia theluji kila mtaa, wana chumvi ya kumwaga barabarani, na wana mazoea. Sisi hatukuwa na magari hayo wala mazoea. Magari yetu yaligeuka keki nyeupe, ngazi zikawa kioo, na maduka yakafungwa.

Muda mfupi kabla ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, feni ya hita ilinyamaza. Stima ikapotea.

Nitawaambia ukweli: sikushtuka. Mimi ni mtoto wa mgao wa umeme. Nakumbuka ule ukame wa 1999 na 2000, mabwawa ya Mto Tana yalipopungua maji na Kenya nzima ikawa inapata stima kwa ratiba. Kazi za shule nilizimaliza kwa taa ya mafuta. Nikajifunika vizuri, nikamwambia mke wangu, "Itarudi." Redio ya simu ilisema umeme unazimwa kwa zamu, kila mtaa kwa muda mfupi tu.

Kulikucha, haikurudi. Jua likatua, haikurudi. Ilirudi Alhamisi.

Matatu mlimani

Kwa nini stima ya jimbo tajiri namna ile ilizimwa? Fikiria matatu iliyojaa abiria ikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Mzigo ukizidi nguvu ya injini, injini inaanza kupunguza mwendo. Dereva ana njia mbili: aongeze nguvu, au awashushe baadhi ya abiria. Asipofanya lolote, injini inazimika na wote wanabaki mlimani.

Gridi ya umeme ni hivyo hivyo. Stima yetu Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, ya Marekani mara 60, na mitambo yote iliyounganishwa huzunguka kwa mapigo hayo hayo kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Watumiaji wakizidi kile kinachozalishwa, mapigo yanashuka.

Jumapili ile jioni Texas ilitumia zaidi ya megawati 69,000, kwa sababu nyumba nyingi hupashwa joto kwa stima. Wakati huo huo baridi ikaanza kuangusha mitambo ya kuzalisha. Visima vya gesi viliganda mdomoni. Mapanga ya mitambo ya upepo yakashika barafu. Hata mtambo mmoja wa nyuklia ulijizima kwa sababu kibomba kidogo cha kupimia kwenye upande wa maji kiliganda. Kibomba tu!

Karibu saa nane usiku mapigo yalishuka kutoka 60 hadi 59.3. Utasema, hiyo si kitu. Lakini mapigo yakikaa chini ya 59.4 kwa dakika 9, mitambo ya kuzalisha huanza kujiondoa kwenye gridi ili isiharibike, na kila unaojiondoa unaiongezea mzigo iliyobaki. Usiku ule mapigo yalikaa chini ya kiwango hicho kwa dakika 4 na sekunde 23. Yaani zilibaki dakika 4 na sekunde 37 kabla ya Texas nzima kuingia gizani, na kuiamsha gridi iliyolala kabisa kungeweza kuchukua wiki kadhaa.

Basi wasimamizi wa gridi wakafanya kilichowapasa, wakaamuru abiria washushwe. Kwa kilele chake, umeme uliokatwa ulikuwa megawati 20,000. Ili uone ukubwa wake, mwaka huo wa 2021 Kenya nzima, kuanzia viwanda hadi vinyozi, ilikuwa ikitumia kama megawati 2,000 wakati wa kilele. Waliokatiwa ni nyumba na biashara zaidi ya milioni 4. Na kuazima kwa majirani haikuwezekana sana, kwa maana Texas ina gridi yake peke yake, tofauti na ile ya mashariki na ile ya magharibi ya Marekani, na nyaya zinazoiunganisha na wengine zilikuwa na uwezo wa kama megawati 1,200 tu.

Na zile zamu je? Waya unaolisha hospitali hauzimwi, na yeyote aliye kwenye waya huo ana bahati yake. Umeme wa kukata ulikuwa mwingi mno hata waya nyingi zisizokuwa na hospitali zikabaki zimezimwa moja kwa moja. Hakukuwa na wa kubadilishana naye zamu. Sisi usiku tulikuwa tukiona jengo la ofisi ng'ambo ya barabara kuu likiwaka taa ghorofa zote, na ndani hamna hata mlinzi.

Duara

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Waandishi wa programu tunalijua tatizo moja tunaloweza kuliita mkwamo. Mtoto mmoja ameshika kalamu anasubiri daftari. Mwenzake ameshika daftari anasubiri kalamu. Kila mmoja ana adabu, kila mmoja anasubiri, na insha haiandikwi mpaka kengele inalia. Programu mbili zikikwama hivyo, hakuna iliyoharibika. Ukiipima kila moja peke yake utaiona nzima.

Texas ilikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya umeme wake ilitokana na gesi asilia. Lakini pampu na mashine nyingi zinazoitoa gesi hiyo ardhini na kuisukuma mabombani zilikuwa zikitumia umeme. Amri ya kukata ilipotoka, baadhi ya mitambo hiyo ya gesi haikuwa imeandikishwa kama wateja muhimu wasiozimwa. Ikazimwa. Gesi ikapungua, mitambo ya umeme ikakosa gesi, umeme ukapungua, ikabidi wengine wakatwe. Stima inasubiri gesi, gesi inasubiri stima!

Mwezi Novemba 2021 mashirika mawili ya Marekani yanayohusika na usalama wa umeme, FERC na NERC, yalitoa ripoti yao ya mwisho. Katika Texas na majimbo jirani, mitambo 1,045 ilipata hitilafu, na asilimia 58 kati yake ilikuwa ya gesi. Kuna jambo jingine lililoninyima usingizi nilipolisoma baadaye. Gridi huwa na mitambo maalumu ya kuiamsha ikifa kabisa, mitambo ya akiba hasa. Siku zile mingi kati ya hiyo nayo ilikwama, mingine kwa kuganda, mingine kwa kukosa mafuta. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, haiozi. Lakini akiba ikiwekwa kwenye baridi ile ile iliyokiangusha kile unachokiwekea akiba, itaganda pamoja nacho.

Maduara madogo ya nyumbani

Jumatatu mchana, nikiwa nimevaa suruali mbili, nilianza kuhesabu maduara ya nyumbani kwangu.

Hita yetu ilikuwa ya stima. Wenye hita za gesi nao walilala baridi, kwa sababu gesi inaweza kuwaka lakini feni ya kusukuma hewa ya moto ni ya stima. Maji yakapoteza nguvu bombani, likaja tangazo kwamba tuyachemshe kabla ya kunywa. Tuyachemshe na nini? Jiko la ndani lilikuwa la stima. Na tangazo lenyewe lilikuja kwa simu, na simu ilitegemea mnara ambao betri zake nazo zilikuwa zikiisha. Kufikia jioni mtandao ulikuwa unakuja na kutoweka kama mwezi mawinguni.

Kazini pia. Programu ya malipo niliyokuwa nikiitunza kwa niaba ya mteja wa Mombasa ilihitaji kuwashwa upya. Seva ilikuwa salama, mbali kabisa na Texas. Kuingia kwenye seva kulihitaji nambari ya siri inayotumwa kwa simu, na simu haikuwa na mtandao. Mlango mzima, ufunguo mzima, lakini ufunguo umefungiwa ndani. Kilichotuokoa ni kwamba mwenzangu aliyeko Nairobi alikuwa na njia yake ya kuingilia, isiyopitia kwangu hata kidogo. Mtandao ulipochungulia kwa dakika mbili nilimtumia ujumbe wa maneno manne, naye akamaliza kazi. Baada ya hapo kipakatalishi changu kilipata cheo kipya: kikawa pipa la kuchajia simu. Sikuandika mstari hata mmoja wa programu juma lile, na sidhani tarakilishi hiyo imewahi kufanya kazi ya maana zaidi.

Jiko

Kitu kimoja tu pale nyumbani kilikuwa nje ya maduara yote: jiko letu la makaa, lile la bati lenye udongo ndani, tulilolibeba kutoka kwetu kwa ajili ya nyama choma. Lilikaa kibarazani, nje, na kando yake mifuko miwili ya makaa. Mzee mmoja Mmarekani wa mlango wa pili alikuwa akilitazama kila siku kama kitu cha makumbusho. Jumatatu ile alisimama karibu nalo akiwa na sufuria yake mkononi, akingoja zamu kwa heshima zote. Tulipika uji, tulichemsha maji, tukayatia maji moto kwenye chupa, tukazivika soksi na kuziweka karibu na mtoto, si juu yake.

Lakini ndani palizidi kupoa. Tulikuwa na kipimajoto kidogo cha betri. Jumatatu usiku kilisema digrii 11. Jumanne asubuhi kikasema 6, na nje, kwenye uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth, ilikuwa digrii 19 chini ya sufuri. Mtoto wa wiki tano hajui kutetemeka kama sisi. Hupoa kimya kimya. Mke wangu alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga leso na blanketi juu, na hakumtoa ila kumbadilisha.

Jumanne magharibi ndugu yangu wa Kitale akaja, amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu.

"Kaka, nisaidie na jiko usiku wa leo tu. Watoto wanatetemeka."

"Utaliweka ndani?"

"Nitafungua dirisha kidogo."

"Kaka, hapana. Hilo siwezi."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji. "Sisi kwetu tumelala na jiko tangu utotoni. Mbona hatukufa?"

Ni swali zuri, wala si la kudharau. Nyumba nyingi tulizokulia zina upenyo kati ya ukuta na paa, mlango hauketi sawasawa, na upepo unapita unavyotaka. Fleti ya Texas imezibwa kila tundu ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke kiangazi. Makaa yanayong'aa mekundu bila moshi ndiyo hatari zaidi, maana hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Ikiingia mwilini, damu huikumbatia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni. Unaanza na kichwa kuuma, halafu usingizi. Na usingizi, kwa mtu aliyechoka na baridi, nani ataushuku? Hata kwetu jiko huua kila msimu wa baridi, pale nyumba ya mawe inapofungwa madirisha yote.

Nilimweleza haya pale mlangoni, lakini maelezo hayampashi mtoto joto. Baba ana watoto watatu wanaotetemeka, wewe unamsomea kemia! Sasa nilikuwa nimemnyima jiko, na sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Hita isiyo na waya

Aliyetoa jibu ni mke wangu, kutoka kitandani, hata hakuinuka. "Mwambie shemeji awalete wote hapa."

Mkumbuke ilikuwa Februari 2021. Karibu mwaka mzima hakuna mgeni aliyekuwa ameingia kwetu, na mke wa yule ndugu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mahali ambapo corona ilikuwa imeua wengi. Chanjo ilikuwa bado haijatufikia mimi na mke wangu, na mtoto alikuwa na wiki tano. Tulinong'onezana kwa dakika kadhaa. Corona ilikuwa hatari ya labda. Baridi ilikuwa ya hakika, na jiko ndani ya nyumba ile lilikuwa hatari ya usiku ule ule. Tukachagua. Watu wazima walivaa barakoa usiku kucha, na mlango wa chumba tukauacha wazi kidogo ili hewa ipite.

Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Tulikuwa watu wazima wanne, watoto watatu na kichanga. Piga hesabu, ni kama wati 600, si mbali na nusu ya hita ndogo ya dukani. Tulichagua chumba kidogo kuliko vyote, tukaweka magodoro chini mbali na ukuta wa nje, tukatundika blanketi dirishani, tukalala kama dagaa gunia moja. Jiko likabaki nje kuchemsha maji ya chupa.

Mama alipiga simu kutoka Nakuru, mtandao ukakubali kwa dakika moja. "Mwanangu, mko wangapi humo ndani?" Nikamwambia wanane. Akacheka. "Basi hamtaganda. Hata kuku wanajua hivyo."

Jumatano asubuhi kipimajoto kilisema 12. Digrii 12 si raha, lakini si 6. Na hita hii haikuwa na waya, haikungoja gesi, haikuhitaji nambari ya siri.

Hesabu ya mwisho

Stima iliporudi Alhamisi tarehe 18, friji ililia, taa zikawaka zote, watoto wakapiga makofi. Kwa yule ndugu bomba lilipasuka darini barafu ilipoyeyuka, wakakaa kwetu siku nne zaidi. Hakuna aliyeugua.

Wengine hawakupata hivyo. Idara ya afya ya Texas ilihesabu vifo 246. Kati ya hivyo, 161 vilitokana na baridi yenyewe na 19 na kaboni monoksidi. Nyuma ya hao 19 nina hakika kulikuwa na wazazi waliofikiri sawasawa na ndugu yangu, waliotaka tu watoto wao wapate joto.

Texas ilikuwa imeonywa. Baridi ya Februari 2011 nayo ilileta kukatwa kwa umeme, ripoti ikaandikwa kwamba mitambo ivikwe dhidi ya baridi, lakini haikuwa lazima. Sheria ya kulazimisha ilitiwa saini Juni 2021, na mitambo muhimu ya gesi ikatakiwa itambuliwe ili isizimwe. Baridi kali iliporudi Desemba 2022, gridi ya Texas haikulazimika kuwakatia watu. Kwa hiyo maduara hukatika, watu wakitaka.

Wala usidhani ni shida ya stima peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa saa kama sita. Wahandisi wao walikuwepo na walijua kazi. Lakini vifaa vingi vya kutengenezea vilikuwa vikitegemea mtandao ule ule uliokufa. Kalamu na daftari tena!

Na wewe je?

Sasa nikiwa hapa Nairobi, naona tunajivuna kwamba sisi tumezoea stima kupotea. Ni kweli, tumezoea. Juni 2016 tumbili mmoja alidondokea transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikazimika, tukacheka, tukawasha mishumaa. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Unaishiwa na tokeni usiku. Tokeni inanunuliwa kwa simu. Simu imezima chaji. Chaji inahitaji stima, na stima inahitaji tokeni. Maji yako tangini juu ya paa, lakini pampu ya kuyapandisha ni ya stima. Pesa zote ziko kwenye simu. Geti ni la stima. Jiko sasa nalo tunaambiwa liwe la stima, na ni jambo jema kwa mapafu yetu, lakini ule mtungi wa gesi usiutoe nyumbani haraka.

Chukua karatasi. Andika vitu sita ambavyo nyumba yako haiwezi kukosa kwa siku tatu: maji, moto, mwanga, simu, pesa, dawa. Kwa kila kimoja andika akiba yake. Kisha, na hapa ndipo wengi huachia njiani, chora mshale kutoka kwa kila akiba kwenda kwa kile inachokitegemea. Mishale miwili ikienda mahali pamoja, huna akiba mbili, unayo moja yenye majina mawili. Mshale ukizunguka ukarudi ulikotoka, hapo huna kitu.

Mimi nilipochora yangu niliona upungufu wa kitu ambacho hakiuzwi dukani. Jengo tunalokaa sasa lina fleti 24, na nilikuwa nawajua majirani wawili tu kwa jina. Sasa nimefika tisa.